NASABA NI MALI YA NANI? MAONI KUHUSU HAKIMILIKI NA USAMBAZAJI WA SHAJARA ZA KALE KATIKA INTANETI

1.0 Utangulizi

Katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, tangu Barawa hadi Kilwa na visiwa vya Ngazija, si ajabu kukuta nyumba ambamo mna karatasi iliyokunjwa na kuhifadhiwa ndani ya kasha, yenye majina ya mababu yaliyopangwa kama matawi ya mti. Karatasi hiyo huitwa shajara. Orodha ya majina yenyewe huitwa nasaba. Na pale inapohusu mfuatano wa masheikh na wanafunzi wa tarika, huitwa silsila. Kwa karne nyingi karatasi hizi zilinakiliwa kwa mkono, zikasomwa mbele ya wahusika tu, na zikatolewa nje pale palipokuwa na haja: posa, mirathi, wakfu, au ugomvi wa heshima. Leo karatasi hizo hizo hupigwa picha na kuwekwa katika intaneti, ambako yeyote aweza kuzisoma.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alimsindikiza mzee mmoja aliyetaka kupata nakala ya shajara ya ukoo wake. Karatasi ya asili ilikuwa imekwishaliwa na mchwa, lakini iliwahi kupigwa picha na mtafiti, na picha hiyo ilikuwa imefika katika maktaba moja ya ng'ambo. Jibu lililorudi kutoka huko lilisema kwamba hakimiliki ya picha ni ya maktaba hiyo, na kwamba nakala ya kuchapwa ingelipiwa ada. Mzee alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nimo ndani ya karatasi hii. Wao wamo wapi?"

Swali hilo ndilo lililozaa maoni haya. Tunadai mambo mawili. Kwanza, taasisi na watafiti wengi hudai hakimiliki juu ya nasaba za kale ilhali sheria haiwapi haki hiyo, au huwapa haki ndogo mno kuliko wanavyodhani. Pili, hata pale ambapo sheria ya hakimiliki iko kimya na mlango u wazi, si kila kilicho halali kusambazwa chafaa kusambazwa. Hakimiliki inalinda kazi ya mtunzi. Nasaba inahitaji ulinzi wa namna nyingine, na sisi wasomi wa Kiswahili, ambao tumekuwa wakusanyaji wakuu wa miswada hii, ndio tunaopaswa kuubuni.

2.0 Mambo manne yanayochanganywa

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni kwamba neno "shajara" hutumika kwa mambo manne yaliyo tofauti kisheria: habari zilizomo, utungo wa maandishi, karatasi yenyewe, na picha ya karatasi hiyo.

Tuanze na habari. Kwamba fulani alikuwa mwana wa fulani, na kwamba alihama Pate akafia Siyu, ni jambo lililotokea; halikutungwa na mtu. Sheria ya hakimiliki hailindi mambo yaliyotokea, hulinda namna yalivyoelezwa. Mwaka 1991 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika shauri la Feist lililohusu kitabu cha simu, iliamua kwamba orodha ya majina iliyopangwa kwa alfabeti haina hakimiliki hata kama aliyeikusanya alitoka jasho jingi, kwa sababu jasho peke yake si ubunifu. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini hoja yake inafanana na msingi wa Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994: mkusanyo hulindwa pale tu ambapo uteuzi au mpangilio wake umekuwa kazi ya akili ya mkusanyaji. Nasaba iliyo mstari mmoja wa "bin" baada ya "bin" haina uteuzi wala mpangilio wa kubuni. Mpangilio wake umeamuliwa na uzazi.

Utungo ni jambo jingine. Habari za Pate si orodha tupu ya Wanabahani waliotawala. Ni masimulizi yenye mtindo, ushawishi na msimamo wa kisiasa. Vivyo hivyo Khabari za Lamu alizoziandika Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy, ambazo William Hichens alizichapisha mwaka 1938. Humo mna sauti ya mtunzi, na sauti hiyo yaweza kuwa na hakimiliki kwa muda wake. Mfano bora zaidi tunaupata katika kitabu cha nasaba za masharifu wa Hadhramaut kiitwacho Shams al-Zahira. Mtunzi wake, Abd al-Rahman al-Mashhur, alifariki mwaka 1902, na matini yake ya awali imekwisha kuwa ya watu wote. Lakini chapa iliyohaririwa upya na kuongezwa maelezo mengi mwaka 1984 ni kazi ya mhariri wake. Anayeiweka chapa hiyo nzima katika intaneti kwa hoja kwamba "ni kitabu cha kale" anachanganya mti na matawi yaliyopandikizwa juu yake.

Karatasi ni mali ya kushikika. Anayeimiliki anaweza kuiuza, kuirithisha au kuifungia kasha. Lakini kumiliki karatasi si kumiliki utungo ulioandikwa juu yake. Kanuni hii hukata pande mbili. Ukoo ulio na shajara hauna hakimiliki kwa sababu tu ya kuwa nayo, na maktaba iliyoinunua au kupewa haina hakimiliki kwa sababu hiyo pia.

Picha ndiyo iliyoleta ugomvi wa mzee wetu. Je, kubonyeza kitufe juu ya karatasi ya kale kunazaa haki mpya? Mwaka 1999 mahakama moja ya New York, katika shauri la Bridgeman, iliamua kwamba picha inayoiga kwa uaminifu mchoro usio na hakimiliki haina ubunifu, kwa hiyo haina hakimiliki. Umoja wa Ulaya ulifuata mwelekeo huo katika agizo lake la mwaka 2019 kuhusu kazi za sanaa za kuonekana. Ni kweli kwamba maamuzi hayo yalihusu michoro, si miswada. Hata hivyo hoja ni ile ile: sifa ya picha ya mswada ni kwamba isiongeze kitu. Mpigapicha akiongeza chochote, ameharibu kazi aliyotumwa.

3.0 Miaka ya hakimiliki na vikwazo vyake

Watafiti wengi hudhani kwamba kitu kikiwa "cha kale" basi ki huru. Sheria haipimi ukale kwa macho. Hupima kwa kifo cha mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zimeweka maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Uingereza na Oman, ambako miswada yetu mingi na wasomaji wake wengi wako, kipimo ni miaka 70.

Tuchukue mifano miwili. Alice Werner, aliyechapisha matini moja ya historia ya Pate katika miaka ya 1914 na 1915, alifariki mwaka 1935. Hata kwa kipimo cha miaka 70, tafsiri na maelezo yake yalikuwa huru baada ya mwaka 2005. Kwa upande mwingine, Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ambaye kitabu chake kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1972, alifariki mwaka 1982. Kwa kipimo cha miaka 50, kitabu hicho kinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2032. Kitabu hicho kimejaa nasaba, na ndicho wanachokinakili sana wapenda nasaba. Msomi aweza kuchukua kutoka humo kwamba sheikh fulani alisoma kwa fulani na kumzaa fulani. Hawezi kuchukua kurasa za Sheikh Farsy, kwa maneno yake na utani wake, akazibandika katika intaneti bila idhini ya warithi. Tofauti hii ni ndogo machoni pa mnakili, lakini ndiyo sheria yenyewe.

Kikwazo kigumu zaidi ni miswada ambayo haijawahi kuchapishwa. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, maandishi ambayo mtunzi wake alikuwa amekwisha kufa na ambayo yalikuwa bado hayajachapishwa sheria hiyo ilipoanza kutumika mwaka 1989, yaweza kuendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2039, hata kama mtunzi alikufa karne tatu zilizopita. Matokeo yake ni kichekesho: barua au nasaba ya karne ya 18 iliyo London yaweza kudaiwa kuwa na hakimiliki, huku utenzi uliochapishwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia ukiwa huru. Na mwenye haki hiyo ni nani? Ni warithi wa mnakili asiyejulikana jina. Mkataba wa Berne unaziruhusu nchi kuteua chombo cha kusimamia kazi za namna hii zisizo na mtunzi anayejulikana. Ni njia ambayo nchi zetu zingefaa kuitumia kwa bidii zaidi, maana pengo lililoachwa hujazwa na yeyote mwenye muhuri.

4.0 Kilicho halali na kinachofaa

Hadi hapa hoja yetu inaelekea upande wa uwazi: nasaba nyingi za kale hazina hakimiliki, na taasisi zisijifanye zinayo. Msomaji aweza kuhitimisha kwamba basi zote zianikwe. Hapo ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutumiwa kila siku kuwahimiza watu wazijue nasaba zao, lakini hatuitafakari vya kutosha. Inachukulia kwamba mtumwa ni mtu aliyeiacha asili yake, ilhali watumwa wa mwambao hawakuiacha, walinyang'anywa. Utumwa ulipoondolewa hadhi ya kisheria Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, walioachwa huru walibaki na daftari za mahakama na hati za uhuru, ambamo jina la mtu limeandikwa pamoja na jina la aliyekuwa bwana wake. Kwa wajukuu wengi, hizo ndizo shajara pekee walizo nazo. Lakini hizo hizo ndizo zinazotumika hadi leo, chini kwa chini, kuvunja posa na kudhalilisha watu misikitini. Hakimiliki haina la kusema hapa. Daftari ya mahakama ni waraka wa serikali, na habari zake ni za kweli. Kuisambaza ni halali. Kuisambaza ovyo ni kumjeruhi mtu kwa jeraha la babu yake.

Kwa upande wa pili wa ngazi hiyo ya kijamii, kuna nasaba za usharifu. Humo mna madai ambayo hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa karatasi moja. Zikiwekwa katika intaneti bila maelezo, nakala moja yenye kosa la mnakili hugeuka kuwa hati ya mwisho, na ukoo uliorukwa hujikuta umefutwa. Waliokuwa wakizisoma shajara hizi kwa desturi walijua kwamba nakala hutofautiana, na kwamba nasaba husomwa pamoja na mtu anayeijua. Picha haina mtu huyo pembeni yake.

Je, sheria za sanaajadi haziwezi kutusaidia? Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaajadi. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010 na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi zimekwenda mbali zaidi. Tunaziheshimu juhudi hizo, lakini zinaizungumzia jamii kwa ujumla. Nasaba si ya jamii nzima kama ngoma au hadithi ilivyo. Ni ya mlango mmoja, na mara nyingi ni ya upande mmoja wa mlango huo dhidi ya mwingine. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinakaribia zaidi shabaha yetu. Lakini zinamlinda aliye hai. Babu aliyekufa hana ulinzi, ingawa jina lake ndilo linalomfikia mjukuu.

5.0 Hoja za wanaopinga

Kuna wenzetu wanaosema kwamba taasisi ikiacha kudai hakimiliki, makampuni ya nasaba ya nchi tajiri yatachukua picha zote na kuwauzia wenyewe. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa si hiyo. Dai lisilo na msingi halimzuii mwenye mawakili. Humzuia mzee wa mtaani asiyejua kulipinga. Kinachoweza kumzuia mfanyabiashara ni mkataba ulioandikwa vizuri kuhusu matumizi, unaotiwa saini kabla ya picha kutolewa. Vilevile, taasisi inayotoza gharama ya kutengeneza nakala haikosei, kwa kuwa inalipwa kwa huduma. Kosa ni kuigeuza gharama hiyo kuwa umiliki.

Wengine wanasema kinyume: kwamba kuwapa wenye karatasi sauti ni kuwapa kura ya turufu, na kwamba wale wenye nasaba za kughushi ndio watakaokuwa wa kwanza kukataa. Hoja hii ina uzito. Historia ya mwambao haiwezi kuandikwa kwa ruhusa ya kila ukoo. Ndiyo maana tunatofautisha kati ya kusoma na kusambaza. Mtafiti asome, alinganishe, anukuu na akosoe. Hayo sheria inamruhusu, na taaluma inamtaka. Idhini tunayoizungumzia ni ya kuweka picha kamili mbele ya ulimwengu, na hata hiyo iwe na mipaka ya muda. Tunakiri kwamba kwa utaratibu huo baadhi ya shajara zitabaki zimefungwa kwa kizazi kimoja zaidi, na huenda mchwa wakazifikia kabla ya msomaji. Hiyo ni hasara ya kweli. Tunaona ni ndogo kuliko hasara ya milango yote kufungwa mbele ya watafiti, jambo ambalo limeanza kutokea katika baadhi ya nyumba zilizowahi kukaribisha na zikajuta.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, idara na taasisi za Kiswahili ziondoe katika picha za miswada ya kale alama za kudai hakimiliki, isipokuwa pale ambapo zinaweza kumtaja mtunzi, mwaka wa kifo chake na namna haki ilivyozifikia. Palipo na shaka, iandikwe kwamba pana shaka.

Pili, kila picha iandamane na maelezo manne: jina la mtunzi au mnakili kama linajulikana, mahali mswada ulipopatikana, nani aliutoa, na kwa masharti gani. Katalogi ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970, iliyoorodhesha miswada na kanda za Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikwisha kutuonyesha kwamba kazi ya kuorodhesha yawezekana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na idhini isiyoandikwa hupotea pamoja na mtoaji wake.

Tatu, nakala irudi nyumbani. Mpango wa Nyaraka Zilizo Hatarini wa British Library, ulioanza mwaka 2004 na ambao miongoni mwa kazi zake ni miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, unashikilia kwamba mswada wa asili usiondoke nchini na kwamba nakala ibaki pia huko ulikotoka. Hicho kiwe kiwango cha chini, si fadhila. Ukoo usilipishwe ili kuziona nasaba zake.

Nne, majina ya vizazi vitatu vya mwisho yasiwekwe wazi katika intaneti bila ridhaa ya walio hai. Kwa daftari za utumwa tungependekeza tahadhari zaidi: zipatikane kwa mjukuu anayemtafuta babu yake na kwa mtafiti aliyejieleza, lakini zisipangwe kwa namna inayomwezesha mtu kuandika jina la jirani yake na kujibiwa kwa jina la bwana.

Tano, wanafunzi wa uzamili wafundishwe mambo haya kabla ya kupewa kamera. Tumewafundisha kusoma khati za Kiarabu na kulinganisha nakala. Hatujawafundisha kuuliza, kabla ya kunywa kahawa ya watu na kukunjuliwa karatasi yao, picha hii itakwenda wapi na itakaa kwa nani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba habari za nasaba hazina mwenye hakimiliki. Kwamba utungo waweza kuwa naye kwa muda. Kwamba karatasi ina mwenyewe. Na kwamba picha, kwa maoni yetu, haimpi mpigaji haki mpya. Tumeonyesha pia kwamba utupu huo wa sheria si ruhusa ya kufanya lolote. Yeyote atakayeona kwamba mapendekezo yetu ni makali mno, au ni mepesi mno, tunamkaribisha alete hoja katika kurasa hizi.

Yule mzee hakulipa ada ile. Mtafiti aliyepiga picha zamani alipopata habari, alitafuta katika masanduku yake filamu ya asili, akaipeleka kuchapwa na kumtumia nakala bila malipo. Mzee aliitandika juu ya mkeka, akafuata majina kwa kidole hadi alipofika kwa babu yake, akanyamaza. Kisha akaomba kalamu, kwa kuwa kulikuwa na wajukuu waliozaliwa baada ya picha kupigwa, na mahali pao palikuwa bado patupu.